Sahani Aliyonyang'anywa Kambale

Mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mtu akirudi kutoka hospitali na habari kwamba ini lake ni gonjwa, ndugu wanaompenda huanza kumwondolea chakula. Maharagi hutangulia kuondoka kwa sababu "yanachosha ini". Hufuata mayai, nyama, mafuta ya mawese, sombe, karanga. Kila mgeni anayefika kumpa pole mgonjwa huacha mwiko mmoja mpya, na hakuna anayekuja kuondoa hata mmoja. Mwezi ukiisha, mtu aliyekuwa akishusha magunia kwenye lori anakalia ndizi mbili za kuchemsha na kopo la maji ya miwa, na watu wanamsifu kwamba anajitunza.

Mtu wa kisa hiki tumwite Kambale. Ni jina la mtoto wa pili wa kiume kwa Wanande, kwa hiyo Wakambale wamejaa mji mzima, na kisa chenyewe kimeungwa kwa mambo yanayowapata wengi. Kambale wetu ni mfanyabiashara wa vitenge na viatu. Huchukua mali Kampala, huipitisha mpaka wa Kasindi, na huiuza Butembo na Beni. Siku moja alikwenda kumtolea damu shemeji yake aliyekuwa anajifungua kwa kupasuliwa. Damu ikapimwa kama ilivyo kawaida, akaambiwa haiwezi kutumika kwa sababu ana virusi vya hepatiti B. Akauliza kama atakufa. Muuguzi akamwambia arudi kwa daktari kwa vipimo zaidi. Kambale alikuwa na nguvu zake, haumwi kichwa wala tumbo, na biashara ilikuwa nzuri mwaka ule. Hakurudi.

Hapo ndipo watu wengi hupotelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na hepatiti B sugu, na walio wengi hawajui. Ugonjwa huu hukaa mwilini miaka 20 au 30 bila kupiga hodi. Wengi wa walio nao Afrika waliupata wakizaliwa au wakiwa watoto wadogo, na mtoto mchanga akiambukizwa, mara tisa katika kumi virusi hubaki naye maisha yake yote. Kwa hiyo Kambale alipopewa majibu yale hakuwa mtu aliyeanza kuugua jana. Ini lake lilikuwa kwenye vita kwa zaidi ya miaka 40, naye Jumamosi alikuwa akiliongezea kasiksi, pombe ya ndizi, na siku ya kufunga biashara kubwa akaliongezea bia ya Primus. Kanyanga, pombe kali, hakuipenda, akajihesabu kuwa si mlevi. Lakini ini lenye virusi haliulizi kama wewe ni mlevi. Kwake pombe kidogo haipo. Kila chupa ilikuwa inaharakisha kovu.

Miaka minne baadaye miguu ilianza kuvimba jioni. Kisha suruali ikakataa kufunga kiunoni ilhali mashavu yamekonda. Ekografi ikaonyesha ini limesinyaa na kuwa na mabongemabonge, na tumboni kuna maji. Sirozi, yaani ini lililojaa makovu. Daktari alimwandikia tenofovir, kidonge kimoja kila siku, pamoja na vidonge vya kumkojoza maji. Akampa maagizo manne: pombe uache kabisa, chumvi upunguze, dawa ya maumivu usinunue bila kuniuliza, na ule, ule vizuri, ule mara nyingi. Katika yote manne, hili la mwisho ndilo halikufika nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na baraza. Shangazi mmoja alisema mayai yanaleta manjano machoni, si unaona kiini chake? Jirani akasema mtu wa kwao alikula nyama akafa wiki hiyohiyo. Mwingine akaleta chupa ya mizizi iliyochemshwa, chungu, ya kusafisha damu, asubuhi kopo moja na jioni kopo moja. Mke wake, kwa hofu ya watoto, akamtengea sahani, kijiko na kopo lake, vikaoshwa peke yake na kuanikwa peke yake. Tangu siku ile Kambale alikula chumbani. Mtu anayekula peke yake chumbani, chakula chenyewe ndizi na viazi vitupu, huacha nusu. Wao wakaona hana hamu, wakasema ni ugonjwa.

Na kwa kuwa chakula hakikuwa na ladha, walimwonea huruma wakamtafutia mchuzi. Samaki wa chumvi wa Ziwa Edward, wa Kyavinyonge, alichemshwa na kube moja ya kuungia, akanywa supu ile mchana na jioni. Nyama yenyewe ya samaki waliwapa watoto, maana mgonjwa hapaswi kula vizito. Yaani alipewa chumvi akanyimwa samaki.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu hapa pana kiini cha jambo.

Kila mfanyabiashara wa Butembo anajua kazi ya depo. Mali huingia kwa wingi siku lori likifika, hulala depo, na hutoka kidogokidogo kwenda dukani hadi lori lingine. Ini ndilo depo la mwili. Tukila, huweka akiba ya sukari. Tukilala, huitoa taratibu ili ubongo na moyo vifanye kazi mpaka asubuhi. Ini lenye makovu ni depo lililobomoka kuta tatu: akiba inayoingia ni ndogo, na kabla ya usiku wa manane imekwisha. Mwili haukubali kufunga duka. Huanza kuvunja misuli yake na kuigeuza kuwa chakula. Ndiyo maana usiku mmoja bila kula, kwa mwenye sirozi, unamgharimu kama kufunga siku mbili au tatu kwa mtu mwenye afya. Misuli ya mapaja, ya mabega, ya pande za paji la uso huyeyuka wiki kwa wiki. Kwenye mizani huoni kitu, kwa sababu maji ya tumboni yanajaza pengo la nyama iliyopotea. Kambale alipopimwa alikuwa na kilo zilezile za zamani, familia ikashukuru.

Kwa hiyo mtu wa namna hii anahitaji protini nyingi kuliko jirani yake mzima: gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mwanamume wa kilo 60 ni kama gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maharagi yaliyopikwa kinakaribia 15. Ukizipiga hesabu ndizi za kuchemsha za Kambale, hazifiki hata robo. Zamani hata madaktari walikosea katika hili. Waliwanyima protini wagonjwa wa ini waliokuwa wakichanganyikiwa akili, wakidhani ndiyo sumu. Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona waliwalinganisha wagonjwa wa aina hiyo: waliopunguziwa protini hawakupata nafuu kuliko waliopewa ya kawaida, ila walivunja misuli yao zaidi. Tangu hapo shauri limegeuka. Na protini inayovumiliwa vizuri kuliko zote na wagonjwa hao ni ile ya mimea, yaani maharagi, soya, choroko. Chakula cha kwanza walichomnyang'anya Kambale ndicho kilichomfaa zaidi, na kilikuwa kinateremka kila siku kutoka vilima vya Lubero kuja sokoni kwake.

Chumvi ina historia yake kwetu. Kabla ya lori na vitenge, mababu wa wafanyabiashara wa Kinande walifuata chumvi ya Katwe, ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, wakaifanya mali. Mpaka leo chakula kisicho na chumvi huonekana kama dharau kwa mgeni. Lakini mwili wa mwenye sirozi unashikilia chumvi, na chumvi inashikilia maji. Kiasi chake kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja, kisizidi gramu 5, kama kijiko kimoja kidogo cha chai kisicho na kilima. Kube ya kuungia sehemu kubwa yake ni chumvi. Samaki wa chumvi akiloweshwa usiku kucha na maji kumwagwa mara mbili tatu hupungua ukali, hata hivyo mwenye maji tumboni ni bora atafute samaki mbichi, au ndagala waliokaushwa juani bila chumvi, wale wanaovuka Kasindi kwa magunia. Ladha itoke kwenye nyanya, kitunguu saumu, seleri, tangawizi, ndimu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Wala asipunguze chumvi kwa kupunguza chakula. Kama hawezi kula kabisa bila chumvi, daktari ataona heri aongeze chembe ale, kuliko ashinde na njaa.

Kambale alikuwa na dada mkubwa Beni, mama mjane anayeuza unga na karanga karibu na soko la Kilokwa. Aliposikia ya mdogo wake alikwenda kupimwa, kwa sababu daktari aliwaita ndugu wote wa tumbo moja. Naye alikuwa na virusi. Ini lake lilikuwa bado laini, damu yake bado nzuri. Hakuhitaji dawa wakati ule, aliambiwa arudi kila miezi sita kwa vipimo vya damu na ekografi, na amerudi kila mara, hata mwaka ambao barabara ya Butembo ilikuwa ya kuvuka kwa msafara.

Mtazame mama huyu na karanga zake, kwa sababu hapo utaona kujitunza kulivyo. Anamwaga kilo mbili kwenye ungo. Hazipepeti tu. Anazitandaza, anapitisha kiganja, na kwa ncha ya kidole anasogeza pembeni iliyonyauka, iliyopasuka, yenye doa la kijani au jeusi, iliyobadilika rangi. Moja anaivunja, anaitia ulimini, anaitema: chungu. Zile za pembeni haziingii kwenye siagi ya karanga ya nyumbani, haziuzwi bei ya chini, kuku hawapewi. Zinatupwa shimoni. Anapoteza pesa kila gunia, na wenzake sokoni wanamshangaa.

Anajua analofanya. Ukungu wa karanga na mahindi hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Iligunduliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula cha karanga zilizooza. Mwaka 2004, Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu huo. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, ini likiwa limeharibika. Hiyo ni sumu ya mara moja na nyingi. Ile ya kidogokidogo, ya kila siku, huleta saratani ya ini, na mtu mwenye hepatiti B akiila, hatari yake inazidishwa, siyo kuongezwa tu. Moto wa jikoni hauiondoi. Butembo iko juu, baridi kidogo. Beni imeteremka kuelekea msituni, ni joto na unyevu, na gunia lililolazwa sakafuni juu ya udongo huota ukungu katika siku chache. Mama huyu huweka magunia yake juu ya mbao, mbali na ukuta, na unga wa muhogo hununua ulioanikwa juu ya turubai, si pembezoni mwa barabara.

Chakula chake hakina ajabu. Asubuhi kabla ya kwenda sokoni anakunywa uji wa masoso, mahindi na soya na mtama vilivyosagwa pamoja. Mchana bugali, sombe iliyopikwa na mafuta kidogo, na maharagi au ndagala. Saa nne za asubuhi parachichi au papai. Kahawa vikombe viwili, bila sukari nyingi; tunalima arabika milimani na robusta bondeni, na tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini na saratani chache kuliko wasiokunywa. Soda ameacha, maana sukari nyingi hugeuka mafuta ndani ya ini lenyewe. Kwenye harusi anakunywa maji, na wakimlazimisha pombe husema wazi: "Niko na hepatiti, sitakunywa." Mimi namheshimu kwa sentensi hiyo kuliko kwa mengine yote.

Baada ya kupimwa, dada huyu alipanda gari akaenda kumwona mdogo wake. Alimkuta chumbani, mikono kama vijiti, tumbo kama la mjamzito. "Unakulaka nini?" Kambale akaonyesha sahani. Dada akatoka nje akauliza nani ametenga vyombo hivi. Akawaeleza yale aliyoambiwa hospitali: virusi hivi hupita kwa damu, kwa kuzaliwa, kwa ndoa, kwa wembe na mswaki wa kuchangia, kwa sindano. Havipiti kwa sahani, kijiko, kopo wala kumkumbatia. Siku ile alipika maharagi, akamleta mdogo wake sebuleni, wakala pamoja kwenye sinia moja, naye Kambale akamaliza. Usiku kabla ya kulala alimpa tena mkate na yai. Jambo hili la chakula cha usiku lina ushahidi: mwaka 2008 watafiti wa New Zealand waliwapa wagonjwa wa sirozi lishe ya nyongeza, wengine mchana, wengine usiku kabla ya kulala, kiasi kilekile, kwa mwaka mzima. Waliopewa usiku walijenga mwili, wa mchana hawakujenga.

Alikaa siku kumi. Kambale alianza kutembea hadi barabarani. Dada akarudi Beni kwa sababu ya biashara yake, akiacha maagizo. Wiki ya pili mwiko mmoja ulirudi, kisha mwingine. Chupa ya mizizi ilirudi. Kikundi cha maombi kikamshauri afunge siku tatu bila chakula wala maji. Walimpenda na walimwombea kwa machozi, sina shaka na nia yao. Laiti mmoja wao angejua habari za depo, angemwombea huku amemshikia bakuli la uji. Mgongo ulipomuuma, kwa kukosa misuli ya kuushika, kijana wa nyumbani alimnunulia diklofenaki dukani. Dawa hiyo huchubua tumbo na kuzima figo za mwenye sirozi.

Alitapika damu saa saba za usiku, beseni zima.

Butembo si mji ambao mtu hutapika damu ikawa habari ya nyumba moja. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, upande wa Beni, ikaenea hadi Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Mwaka 2021 ilirudi mara mbili, Februari upande wa Butembo na Oktoba Beni. Kwa hiyo usiku ule majirani hawakusogea. Mwenye gari alikataa kumbeba. Pikipiki mbili zilifika, zikaona kitambaa chenye damu, zikageuka. Siwalaumu, wengi wao walizika ndugu zao. Lakini ini lenye makovu huzuia damu kupita, mishipa ya umio huvimba, na ikipasuka mtu hutapika damu isiyo na uhusiano wowote na Ebola, na kila saa inayopita ni damu inayokwenda. Mke wake aliwapigia simu wahudumu wa afya wa mtaa, wakaja kumchukua alfajiri. Sampuli ilipimwa, haikuwa Ebola. Aliongezwa damu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba muuguzi mmoja alimbeba peke yake kumweka kitandani. Mwili uliokuwa hauna akiba haukuwa na nguvu za kupigana, akafa siku ya tatu.

Baada ya matanga dada mkubwa hakurudi Beni mara moja. Aliwapeleka mke na watoto kupimwa. Mke hakuwa na virusi, akaanzishiwa chanjo, sindano tatu. Wadogo wawili walikuwa wamekwisha kuchanjwa utotoni, kwa kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 chanjo ya hepatiti B imo ndani ya ile ya mchanganyiko wanayopewa watoto wa Kongo. Kifungua mimba, aliyezaliwa kabla ya hapo, ana virusi. Ana ini zima. Anasoma chuo, ana zamu ya ekografi kila miezi sita, na shangazi yake humtumia kwa basi kila mwezi mfuko wa unga wa masoso na karanga alizochambua mwenyewe. Mama yake alitaka kumtengea sahani. Wadogo zake ndio waliokataa.